Vitufe Vitatu

Bei imesema: vitufe vitatu, basi.
Juu. Chini. Sawa.
Cha nne kingekula faida ya Hokororo,
naye ndiye anayelehemu, mimi naandika tu,
ghorofa ya pili, Mtaa wa Aggrey, juu ya duka la feni.

Kioo upana wake stempu mbili.
Nukta mia moja ishirini na nane kwenda upande,
sitini na nne kushuka,
na kila nukta ina majibu mawili: nawaka, siwaki.
Humo nitie joto, unyevu, saa, siku,
na mayai sitini ya Bi Sikudhani wa Mbagala.

Nilianza kwa kugombana na maneno.
"Unyevunyevu" liligonga ukuta,
nikalikata mkia, likabaki "Unyevu", halikulalamika.
"Mipangilio" nikalitoa nje kabisa:
nani Mbagala anapanga mipangilio saa nane usiku?
Lakini "Yageuze" lilikaa, herufi saba,
ndani yake mna amri, mna mayai, mna kazi yenyewe.
Nikatamani kumshukuru aliyeanza kusema hivi
kabla ya kioo, kabla ya bei.

Kisha kitufe kikanidanganya.
Kidole kimebonyeza mara moja,
chombo kimehesabu tatu.
Chuma kikigusana na chuma hutetemeka kwanza,
kama mtu anayekubali posa.
Nikakifundisha chombo subira:
milisekunde ishirini, usiamini la kwanza,
ngoja atulie, ndipo uandike kwamba amesema ndiyo.

Jumanne nikapeleka.
Bi Sikudhani akajifuta pumba mikononi,
akavaa miwani iliyofungwa uzi,
akabonyeza Sawa, akaingia. Sawa, akaingia. Sawa.
Akafika chumba nilichokisahau mwenyewe,
akasimama humo.
"Mwanangu, nyumba gani hii
ina milango mitatu ya kuingilia, wa kutokea haina?"

Nikamwambia upo: bonyeza Sawa, shikilia, hesabu mpaka tatu.
Akagusa, akaachia. Akagusa, akaachia.
"Kitu cha watu. Naogopa kukiumiza."

Nilirudi Kariakoo na aibu ya kimyakimya.
Nilikuwa nimechora mti wa menyu, tawi juu ya tawi,
nikajisifia kimo chake
bila kufikiri kwamba anayepanda amejifunga kanga
na ana ndoo mkononi.
Usiku ule nikakata.
Matawi kumi na manne yakawa manne.
Joto likapewa kioo kizima, tarakimu nene,
lisomeke kutoka mlangoni bila miwani.
Na sheria moja mpya, ninayoipenda kuliko zote:
ukikaa kimya sekunde kumi
chombo kinarudi nyumbani chenyewe,
hakiulizi, hakilaumu.

Hokororo akasema, mbona programu imepungua?
Imepungua, ndiyo. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya wiki nzima.

Siku ya kumi na nane kioo kikaandika "Usiyageuze".
Siku ya ishirini umeme ukakatika, betri ikashika,
nikalala na simu kifuani.
Ikalia kabla ya adhana.

Kioo kinasema nini, nikauliza.
"Sijakitazama."
Joto je?
"Nimeweka sikio kwenye boksi," akasema,
"hebu nyamaza, nawe usikie."

Akaisogeza simu.
Kule ndani kulikuwa na kitu kinabonyeza
kutoka upande wa pili, kidogo, tena, bila kutulia,
nami nikaamini
la kwanza.