Kwa Nini Si Moja

Kitanda cha kumi na nne, wodi ya wanaume.
Dirisha linatazama mteremko wa Kadutu,
mabati juu ya mabati, kama watu waliopanda
mabegani mwa wenzao kuchungulia ziwa.
Cirimwami aliteleza huko usiku wa mvua.
Mguu ukavunjika mahali pawili,
na chupa, anasema, haikupata hata ufa.

Nimekuja na karatasi yangu.
Karatasi inauliza: glasi ngapi kwa siku?
Anacheka. "Mama muganga, glasi ni za harusi.
Sisi tunapima kwa kopo la nyanya,
na kopo halina siku, lina deni."
Naandika: kopo. Nafuta. Naandika tena.

Nilianza kazi hii kwa kuhubiri.
Nilikuwa na picha ya ini, nyekundu na nyeusi,
nikiiinua juu kama padri na hostia,
nao wakisema ndiyo, ndiyo, mama,
macho yakihesabu misumari ya dari.
Ndiyo ya mgonjwa ni blanketi:
anajifunika nayo mpaka uondoke.

Sasa naburuta kiti. Nakaa.

Usiku wa tatu alitetemeka, vyuma vya kitanda vikagongana,
akaokota sisimizi wasiokuwepo juu ya shuka,
mmoja mmoja, kwa adabu, akinipa nimshikie.
Nilimshikia.
Nikamchoma sindano ya vitamini,
nikamnywesha maji ya sukari kwa kijiko.
Habari ya pombe hatukuigusa usiku ule.

Asubuhi nikauliza: toka sifuri hadi kumi,
uko tayari kiasi gani kuiacha?
"Tatu," akasema, kichwa chini,
kama mtoto aliyeleta nyumbani ripoti mbaya ya shule.
Kwa nini tatu? Kwa nini si moja?
Akanyamaza. Nje mama mmoja alinadi sambaza,
sauti yake ikashuka ngazi hadi ikaisha.
Kisha: "Namwezi wangu, wa miaka saba,
jioni huficha kiatu changu cha kushoto
ndani ya sufuria, akafunika.
Anajua baba yake ana haya
ya kutembea na kiatu kimoja.
Lakini kanyanga haina haya. Nilikwenda peku."

Mguu uliovunjika ni wa kushoto.
Tuliutazama wote wawili.

Wiki ya sita. Plasta imetoka,
malipo hayajatoka, na mlinzi wa geti
anamjua kwa sura kila mwenye bili.
"Usinisifu," ananiambia. "Siku arobaini na moja,
hiyo si mimi. Ni deni lililoacha pombe."
Nikamuuliza, polepole, maana swali hili
halimo kwenye karatasi:
yule wa kitanda cha kumi na sita,
ndugu zake wanapomletea bidoni ya njano
yenye maji yasiyonuka maji,
hajakukaribisha?
"Mara mbili."
Ukasema nini?
Akatazama vidole vyake, vimetulia juu ya goti,
vyote kumi, kama wageni waliowahi kufika.
"Nilijifanya nimelala."

Leo kaka yake ameuza mbuzi, amelipa.
Anatoka kwa magongo, kiatu kimoja mguuni,
kingine Namwezi amekikumbatia kifuani
kama kuku wa zawadi.
Toka hapa hadi mlangoni kwao
kuna vibanda tisa vya kanyanga. Simwambii.
Anavijua kwa majina ya wenyewe,
na wenyewe wanamjua kwa deni la kopo.

Najaza karatasi. Mahali pa namba
naandika tatu, kwa penseli,
nasubiri kidogo, mkono hewani.
Pale ngazini anasimama, anageuka,
si kunipungia: anamwinamia mtoto,
anamwonyesha ule mguu ulio peku, anaomba kitu.
Mtoto anatikisa kichwa.
Kiatu hakitoki.