Mshumaa wa Saba

Wa kwanza ulizimika kabla sijarudisha kiberiti mezani.
Nikasema ni upepo.
Upepo gani, Zamzam, mwezi wa saba, Samail,
madirisha yamefungwa kama masanduku ya mahujaji?
Basi ni kiyoyozi. Nikakizima.
Jasho likanitoka hadi kwenye kope,
na wa pili ukafa vilevile:
kijimoto kama punje ya mtama,
cha buluu, kinaona haya,
kinazama taratibu ndani ya kidimbwi chake
mithili ya mtu aliyejichimbia kisima
akasahau ngazi.

Nina daftari. La hesabu, la mjukuu wangu Azzan,
kurasa za mwisho hakuziandika.
Humo natia: tarehe, nta, utambi, aibu.

Wa tatu: nilikata utambi mfupi mno.
Mkono wa mshonaji huo, hauvumilii kichwa cha uzi.
Nikauacha kama ndevu za mtu aliyenyolewa jana,
moto ukakosa pa kusimama.
Nikachota nta kwa kijiko cha kahawa, kijiko kwa kijiko,
hadi utambi ukachomoza pua.
Ukapumua robo saa. Ukafa.

Wa nne sitauandika.
(Haya. Niliumimina nta ingali inafuka moshi,
ikapasua gilasi ya chai,
na zulia la ukumbini lina doa mpaka kesho.)

Wa tano: uroho.
Nilitaka chumba kinukie udi, na ubani wa Dhofari,
na asumini kidogo kwa ajili ya Unguja,
nikamwaga mafuta kama anayempamba bibi harusi.
Utambi ni hamali.
Mbebeshe gunia moja, atafika.
Mbebeshe gunia, na mtungi, na kitanda cha samadari,
atakaa kitako katikati ya njia
na huna la kumwambia.

Kunju wa dukani, anayeniuzia viberiti,
ameanza kunitazama kwa huruma.
"Mama, umeme wenu mbovu?"
Umeme wetu haukatiki, Kunju. Ndiyo shida.
Nilipokuwa mdogo, Ng'ambo, giza lilikuja bila hodi,
na kila mtoto alijua kupandisha utambi wa chemli,
nusu mzunguko, usitoe moshi.
Miaka arubaini na sita ya taa za kubonyeza
imenisahaulisha vidole.

Wa sita: nta ya nyuki, ya Rustaq, ngumu, ya manjano,
na utambi uleule mwembamba wa Ruwi.
Nikakaa nikautazama unavyohangaika.
Nje, maji ya falaji yalikuwa zamu ya jirani,
nikayasikia yanavyopita,
ndipo nikacheka peke yangu.
Kwani mtende hunyauka kwa kukosa chemchemi?
Hunyauka kwa mfereji finyu.
Nta ipo, tele, imeuzunguka moto pande zote,
na moto una njaa
kwa sababu mlango wa chakula ni tundu la sindano.

Basi wa saba.
Nikafungua kopo la nyuzi za pamba
nilizokuwa nikisukia furakha za kanzu za Hilal,
kile kishada cha shingoni alichokichovya manukato kila Ijumaa.
Zimekaa humo tangu afe.
Nikasuka tatu tatu, nene kuliko nilivyothubutu,
nikauchovya utambi kwenye nta kwanza,
nikaunyoosha, ukakakamaa.
Mafuta: matone. Niliyahesabu kwa sauti
na mara moja nikajipiga mkono.
Nikangoja siku mbili, mimi nisiyengoja wali kuiva.

Jana baada ya Isha nikauwasha.
Kwanza ukainama. Nikasema, haya, wa nane.
Kisha ukanyanyuka,
kimo cha ukucha, kimo cha pingili ya kidole,
ukasimama,
na nta ikayeyuka duara mpaka ukingoni
bila pupa.
Udi hausikiki. Asali tu, kidogo, ukiinamia.

Nikazima taa ya ukumbini. Ya jikoni. Ya barazani.
Simu ikalia. Raya, nyumba ya pili:
"Zamzam! Umeme umekukatikia?"
"Haujakatika," nikasema. "Nimeuzima."
Akanyamaza.
"Unaumwa?"