Koki Iachwe Wazi

Gerezani, nyuma ya wachomeleaji,
tumelipasua simtanki la lita elfu tano,
tukalijaza maji ya chumvi,
na chini kabisa tukafunga bomba la nusu inchi
linalotema oili chafu ya bajaji.
"Hiki ndicho kisima," akasema Mhandisi Kokushubira.
"Kina cha mita elfu mbili. Hakuna mzamiaji,
hakuna mkono. Haya, kizibeni."

Jumatatu tulikivika kofia ya bati.
Ikakaa kama ya bwana harusi, imetulia, imependeza,
kisha hewa ikajaa ndani, ikaiinua,
ikaivua mbele za watu.
"Na kule chini," akasema, "gesi ingeganda barafu kooni mwake."

Jumatano tukakilisha takataka:
tairi lililokatwakatwa, kamba za katani,
mipira ya tenisi aliyookota Hemedi Upanga
nje ya ukuta wa wenye nazo.
Kisima kikala. Kikacheua.
Mpira mmoja ukatua juu ya paa la jirani.

Alhamisi, tope zito.
Tulisukuma mpaka pampu ya kuoshea magari ikalia.
Tope lilishuka shubiri, likapanda dhiraa.
Akaandika daftarini:
*anayesukuma kutoka juu huchoka,
anayesukuma kutoka chini hajui kuchoka ni nini.*

Ipo njia nyingine, kutoboa kisima cha pili ubavuni,
kuingia kwa mlango wa uani
na kumkuta mwizi amekaa sebuleni.
Ni ya uhakika. Ila ni miezi mitatu,
na samaki hawana kalenda.

Ndipo Pazi, fundi bomba,
aliyekaa pembeni siku zote akila mihogo ya kukaanga,
akafuta vidole kwenye suruali.
"Nyumba za Keko," akasema, "mita haifungi,
maji yanakuja tu, mwenye nyumba anapiga kelele.
Mimi sizibi. Navisha koki iliyo wazi.
Maji yapite katikati yake, yadhani yameshinda.
Nakaza nati. Nakaza tena.
Halafu ndiyo nageuza mkono, robo, robo,
kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala."

Kokushubira akavua miwani, asiifute.

Tulichomelea usiku kucha.
Ijumaa jioni, koki tatu zimepandana,
Pazi akageuza: robo,
robo,
uzi mweusi ukawa unywele,
unywele ukawa nukta,
nukta ikasita,
ikaacha maji peke yake.

Hakuna aliyeshangilia.
Hemedi alikuwa anatazama sakafu:
majaribio yetu ya wiki nzima yanatambaa
kuelekea mtaroni, na mtaro ule
unaijua njia ya bandarini kuliko sisi.

Tukapiga magoti na maranda ya mbao,
na magunia, na fulana zetu,
mhandisi mbele,
tukiikimbiza kwa viganja
oili isiyofika hata ndoo moja.