Nyumba Isiyo na Ardhi

Baba ameanza tena, na chai haijapoa.
"Mimi umri wako, Mwanahawa,
nalikuwa na mke, na nyumba, na redio ya betri sita.
Nyinyi mwatafuta nini ndani ya hizo simu?"

Natafuta kazi, Baba, ndani ya hii simu.
Nimetuma barua arubaini na moja.
Zimejibiwa mbili,
na moja ilitaka nilipe kwanza.

Nyumba anayo, sikatai.
Vyumba sita, ukumbi katikati, hapa Majengo,
bati limeiva kutu rangi ya mkandaa.
Aliinunua mwaka wa sabini na nane, elfu kumi na nane,
kuta na paa basi.
Ardhi ni ya mtu tusiyepata kumwona.
Huja wakala wake na kitabu cha risiti,
na kila mwaka kalamu yake huandika kwa nguvu zaidi.

Leo nikaamua kumjibu kwa hesabu.
Nikashusha mkebe wa biskuti juu ya kabati,
nikatoa hati ya mshahara, karatasi laini kama kitambaa:
Kilindini, winchi nambari tisa,
elfu moja mia mbili na kumi.
Unga wakati huo, pakiti shilingi nne na nusu.
Nikagawanya.
Nikaugawanya na mshahara wangu wa mwisho,
ule wa ofisi ya Shimanzi ya kutoa mizigo,
kabla makontena hayajapanda treni kwenda kufunguliwa bara,
kabla bosi hajatuita wanane, akazima feni, akatushukuru.

"Tazama. Wewe ulirudi na pakiti mia mbili sitini na tisa.
Mimi mia, na nauli sijalipa.
Mvivu nani hapo?"

"Mwisheni," Mama alisema jikoni. "Chai yapoa."

Baba hakuisoma karatasi.
Alitia mkono mkebeni, akatoa picha ya babu,
kuli wa magunia, shingo imezama mabegani.
"Huyu hakunisemesha miezi mitatu
nilipopewa winchi.
Alisema mwanamume haketi kitini akakuita huko kufanya kazi.
Alisema nchi itaharibikia mikononi mwa watu waliokaa."
Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
"Nami nikamjibu: nyinyi ndio mliobeba bila kuuliza bei."

Nilitaka kucheka naye. Hasira haikutaka.
"Nyinyi mlikuwa na chama. Mligoma mkasikizwa.
Mbona mlipofika juu mkaondoka na ngazi?"

Alifunga mkebe. Akaufungua tena.
"Ngazi iliuzwa tukiwa juu yake, mwanangu.
Walitupa kiinua mgongo cha miezi kumi na minne,
wakasema yatosha.
Watu naliwaambia nimestaafu."

Nina miaka thelathini na mitatu.
Nilikuwa sijui.
Miaka yote ile ya kitoweo cha mchicha,
nilidhani ni daktari aliyemkataza nyama.

Wala sisemi tulikumbatiana.
Kuhusu simu bado anakosea,
na lile neno "uvivu", alilolisema siku ya Idi
mbele ya Shangazi Mwanasiti na wanawe waliotoka Dubai,
bado limenikaa kama mwiba wa tasi.

Ndipo mkokoteni wa maji ukagonga kizingiti.
Kijana wa miaka kumi na tisa hivi, fulana ya shule aliyokwisha kuimaliza.
"Mitungi mingapi? Leo hamsini."
"Hamsini! Jana si thelathini?
Nyinyi vijana wa siku hizi mwataka utajiri wa asubuhi moja!"

Sauti ilikuwa yangu.
Baba alinitazama juu ya miwani,
asiseme kitu.
Kijana alijipangusa jasho kwa ukosi:
"Dada, bei siweki mimi."

Baba akafungua fundo la kikoi, mimi nikapekua mkoba.
Tulizoea mitungi minne.
Tukachukua mitatu.