Uhusiano na Mtoto

Tulikubaliana langoni, mwezi wa kumi,
basi dogo la Padova limeshawasha taa.
Viorica alinipa ufunguo, kuku wawili,
na karatasi iliyochanwa kwenye kalenda:
"Hali vitunguu. Hulala taa ikiwaka.
Miezi mitatu tu, Axenia." Chini yake, sahihi.
Nikasema haya. Shahidi hakuwepo
ila dereva, naye alikuwa anapiga honi.

Hii ni baridi ya nne.

Kule anamwogesha mama wa watu,
hapa nasuka nywele za binti yake.
Jumamosi basi hurudi na boksi: sabuni, tambi,
viatu vilivyonunuliwa kwa kukisia.
Vya mwaka huu vimembana. Ilinca akavivaa vivyo hivyo
hadi kanisani, akichechemea,
asitake nimwambie mama yake
kwamba mguu umekua.

Fomu ya shule ina mstari: Uhusiano na mtoto.
Niliandika "jirani". Karani akakata.
"Jirani si kitu," akasema, bila ubaya.
"Lete muhuri wa meya, au mzazi, au cheti cha kifo."

Damu nzito kuliko maji, husema wasiochota.
Mimi huchota. Kisima kiko ng'ambo ya barabara,
ndoo mbili, barafu ukingoni,
na uzito wake naujua mpaka kiwikoni.

Februari aliteleza, mkono ukavunjika.
Hospitali ya Soroca, saa tano usiku,
daktari na kalamu: wewe ni nani wake?
Nikapiga simu. Ikaita. Ikaita
ndani ya mfuko wa koti lililotundikwa mlangoni,
mwenyewe yuko chumbani anambadilisha kizee shuka.
Nikatoa ile karatasi ya kalenda pochini,
nikaitazama V yake, ule mkia wake mrefu,
nikatia sahihi. Mara mbili, fomu zilikuwa mbili.
Mkono haukutetemeka.
Hilo ndilo linalonitisha.

Asubuhi alipopiga nilimweleza yote
isipokuwa hilo.

Plasta imetolewa juzi. Mkono umetoka mwembamba,
unanuka kama kabati la zamani.
Leo dukani, mgeni mmoja, mpenda maneno,
akamuuliza: huyu ni nani wako?
Ilinca akafikiri sana, kama yuko kwenye mtihani.
"Ndiye huniamsha," akasema.
Muuza mkate akahesabu chenji ya lei,
akampa yeye.