Kuingia Si Kukaa

Barabara ya Kirinyaga, saa nne asubuhi,
nimeileta bolti moja ndani ya leso
kama mtu anayempelekea daktari jino lake.
"Nataka ishirini kama hii."
Kerubo, nyuma ya kaunta ya waya, hainui macho.
"Kama hii, au zinazofaa?"

Gari ni la Mutinda. Lilikuwa.
Zile ringi za fedha alizinunua Novemba,
akazisugua kila Jumapili pale South C
kwa mswaki wa meno, mkewe akinung'unika.
Mimi nimerithi gari, madeni mawili,
na mtetemo wa usukani
unaoanza Pangani, unaozidi Muthaiga,
unaonyamaza nikipunguza mwendo
kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja.

Anaipima kwa kalipa. Unene, kumi na nne.
Hesi, moja na nusu.
"Hesi ni zenyewe. Kuingia itaingia.
Sasa tazama shingo."
Shingo ya bolti yangu ni ya mviringo,
bega laini la yai.
Anatoa nyingine kwenye kopo la maziwa ya unga:
hii imechongoka kama pia.
"Tundu la ringi yako ni mdomo wa faneli.
Umeketisha yai kwenye faneli, kaka.
Linagusa mstari mmoja tu wa chuma,
nawe unakaza, unakaza,
unadhani umelishika."

Nasema aliyezifunga alikuwa na nguvu.
"Na nguvu zake zilienda wapi?"

Simjibu. Zilienda kitanda cha saba, Mbagathi,
kuanzia Machi hadi mvua zilipokwisha.

Kisha urefu. Fupi mno hung'ata hesi tatu,
mtu anayening'inia kwa kucha.
Ndefu mno hupenya kitovu,
ikaanza kukwaruza mambo ya ndani.
Ananizungushia moja kwenye kitovu kikuukuu
kilichofungwa mezani kwa mnyororo:
nne, tano, sita, saba. Hapo ndipo inakataa.
"Hii."

Bei, mia tatu na ishirini kila moja.
Naomba anipunguzie.
"Za mia zipo nje, kwenye gunia.
Zinafanana sana."
Analitamka neno hilo kama jina la ugonjwa.

Jioni nazifunga, nikiruka moja, nikirudi,
gari likiwa bado juu ya jeki
na taa ya jirani ikinisaidia nusu.
Zile za zamani hazina kosa lolote.
Hazina hata kutu.
Nazitia kwenye soksi yake, nafunga fundo,
naisukuma chini ya gurudumu la akiba.

Muthaiga, themanini kwa saa.
Mikono yangu inaungoja mtetemo.
Usukani umetulia kama meza ya mtu mwingine,
nami, mjinga, naukamata kwa nguvu zaidi,
namtafuta.

Kerubo alisema nizikaze tena
baada ya kilomita hamsini.
Nimebakiza kumi na mbili. Spana iko kitini,
pale alipokuwa akiketi nikiendesha mimi.