Usitikisike

Kabula ameulaza mkono wangu juu ya kifuko cha mchanga,
mkono wa kulia, ule ulioangukia bomba la bani
usiku wa Jumanne, tumbaku ikiwa imeiva nusu,
nami nimesinzia na kuni mkononi.

“Sindano iko wapi?”
“Hakuna.”
“Kisu?”
“Hakuna. Sikugusi, Mihayo. Nakutazama tu.”
Nikacheka. Nimetoka Usoke kwa basi la alfajiri,
nimeuza debe mbili za mahindi,
nije Tabora mjini kutazamwa.

Anavuta chombo chenye shingo ya korongo.
Kinainama, kinasimama shibiri mbili juu ya kidonda,
kinamwaga mwanga mwekundu
usio na joto wala uzito.
Ngozi yangu ikajaa punje,
nyekundu na nyeusi, kama ulezi kwenye ungo.
“Usitikisike,” anasema.
“Vyote vinyamaze,
itembee damu peke yake.”

Basi nikanyamaza.
Huko stesheni treni ya Mpanda ilipiga honi,
mgonjwa wa kitanda cha dirishani alikuwa akihesabu matone ya dripu
kwa Kinyamwezi, akikosea, akianza upya,
nami nimebana pumzi
kama mtu aliyeona mkia wa swila asijue kichwa kiko wapi.

Kisha akanigeuzia kioo
akasema neno ambalo hadi leo nalitafuna:
palipo hai, punje huvurugika,
damu inazipita, inazikoroga, picha inafifia;
palipokufa, punje hukaa wazi,
kila moja mahali pake, waweza kuzihesabu.

Kumbe uzima ndio ukungu.
Kumbe kufa ndiko kunakotoa picha nzuri.

Mashine ikazitia rangi.
Kiganja: chekundu, udongo wa njia ya Urambo mvua ikikatika.
Kifundo: njano.
Na vidole viwili, cha mwisho na jirani yake,
bluu,
bluu ya sketi za shule, iliyopigwa pasi.

Daktari Mgalula akavua miwani, akavaa.
Jana alibonyeza kwa kidole gumba, akaguna,
akasema tungoje wiki mbili ngozi iseme yenyewe.
Leo hangoji.
“Hivi viwili tutavibandika ngozi ya paja.
Kiganja kiacheni. Kitajiponya.”
Alisema kama mtu anayegawa shamba.

Nina mizinga kumi na mmoja porini,
ya magome ya mtundu, nimeining'iniza mwenyewe.
Sipandi mti kabla sijauliza.
Nachukua mti mrefu, nagonga ubavu wa mzinga, mara moja,
natega sikio.
Wenye nyuki hunguruma chini chini, kama watu walioamshwa.
Mtupu hujibu kama mlango.
Sijafungua, sijawasha moshi, sijaharibu sega hata moja,
na najua.
Nikamweleza Kabula hayo.
Akasema chuoni hawakumfundisha hivyo,
ila angeyaandika.

Sikumwambia la pili:
mwaka juzi mzinga wa saba ulijibu kama mlango,
nikauacha mtini kwa uvivu wa kuushusha,
na msimu wa maua ya miyombo nikaukuta umejaa.

Maana nilikuwa nimeona kitu.
Kwenye bluu ya kidole cha nne, karibu na ukucha,
palikuwa na uzi,
mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga,
njano, ukawaka, ukapotea.
Nikauonyesha kwa mkono wa kushoto.
Daktari alikuwa ameshageukia kitanda kingine.
Kabula akakodolea kioo, akarudisha picha nyuma,
akaipeleka mbele, akairudisha tena.

“Labda ulitikisika,” akasema.

Sikutikisika.